Tangi la Upanuzi la Boila: Kwa Nini Presha Hupanda Jioni na Kuanguka Asubuhi

Asubuhi sindano ya geji imelala karibu na sifuri, redieta, zile bapa za chuma zinazopasha vyumba kwa maji ya moto ya boila, zimepoa na boila imegoma kuwaka. Mtu anafungua koki ya kujazia maji iliyo chini ya boila, anasikia maji yakivuma bombani, sindano inapanda hadi 1.5 bar (bar ni kipimo cha presha), anafunga koki, na boila inawaka. Jioni, nyumba ikishapata joto, sindano ileile imekaribia 3. Kesho yake asubuhi imelala tena. Mwenendo huu unafahamika kwa yeyote aliyekaa misimu kadhaa ya baridi katika nyumba ya Uingereza yenye boila ya gesi ukutani, na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, ambao hatukukua na mitambo ya namna hii, tumeuzoea kana kwamba ndivyo boila zilivyo. Sivyo zilivyo. Hiyo ni dalili ya kasoro mahususi, na mara nyingi kasoro yenyewe imo katika chombo ambacho mwenye nyumba hajawahi kukiona kwa macho, yaani tangi la upanuzi.

Mambo yote yanaanzia kwenye sifa moja ya maji. Maji yakipashwa joto kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 3. Nyumba ya kawaida yenye redieta saba au nane inaweza kuwa na lita 70 za maji zinazozunguka kati ya boila, mabomba na redieta; maji hayo yakipata moto yanahitaji nafasi ya lita 2 zaidi ya ile yaliyokuwa nayo yalipokuwa baridi. Lita 2 zinaonekana chache, lakini maji hayabaniki kama hewa, na mfumo wenyewe umefungwa pande zote. Zisipopata pa kwenda, presha hupanda ndani ya dakika chache hadi kitu fulani kilegee.

Nyumba za zamani za Uingereza zilikuwa na jibu rahisi: tangi dogo la wazi liliwekwa darini, juu ya redieta zote, na maji yaliyopanuka yalipanda humo kisha yakarudi yalipopoa. Mtu aliyezoea tangi la maji juu ya paa, Nairobi au Dar es Salaam, ataelewa mara moja jinsi presha ya bombani inavyotokana na kimo cha tangi tu. Mifumo ya sasa iliyofungwa haina tangi la darini. Mahali pake pamechukuliwa na chombo cha chuma ambacho ndani yake kuna kiwambo cha mpira, kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, kinachotenga vyumba viwili. Upande mmoja umeunganishwa na maji ya redieta. Upande wa pili umejazwa hewa au naitrojeni kiwandani, kwa kawaida kati ya 0.75 na 1 bar, na una valvu ndogo kama ile ya tairi la gari. Maji yakipanuka husukuma kiwambo, hewa inabanwa na kuyapisha. Yakipoa, hewa huyasukuma kurudi bombani. Matangi yanayofungwa nje ya boila aghalabu hupakwa rangi nyekundu na ni rahisi kuyatambua, ilhali katika boila ndogo za ukutani, zile zinazopasha redieta na maji ya kuogea kwa pamoja, tangi ni bapa na limefichwa nyuma au ubavuni, ndani ya kasha. Ndiyo maana watu wanaweza kukaa na boila miaka kumi bila kujua kwamba lipo.

Waliowahi kufunga pampu ya presha nyumbani kwao Tanzania au Kenya wanalijua tangi hili kwa sura, kwa sababu lile tangi la duara linalokaa kando ya pampu lina umbo na kiwambo cha namna ileile. Pale kazi yake ni kuhifadhi presha ili pampu isiwake kila mtu anapofungua bomba; hewa yake ikiisha, pampu huanza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Kazi ni tofauti, lakini ugonjwa ni uleule: hewa imetoroka, na maji yamechukua nafasi yake.

Ili kuona kwa nini upungufu huo una madhara makubwa hivyo, inafaa tupige hesabu kidogo. Geji ya boila husoma presha iliyozidi ile ya hewa inayotuzunguka, ambayo yenyewe ni karibu 1 bar. Kwa hiyo katika hesabu ya kubana hewa tunaongeza 1 kwenye kila kipimo. Chukua tangi la lita 8 lililojazwa hewa hadi 0.75 bar, yaani 1.75 kwa hesabu kamili. Mfumo ukijazwa maji baridi hadi geji isome 1, hewa ndani ya tangi inabanwa kutoka lita 8 hadi lita 7, na lita 1 ya maji inaingia. Boila ikiwaka na zile lita 2 za upanuzi zikija, hewa inabanwa hadi lita 5, na geji inasoma 1.8. Mtambo umetulia, hakuna kilichomwagika, na usiku maji yakipoa sindano inarudi kwenye 1 ilikotoka.

Sasa chukua tangi hilohilo, hewa yake ikiwa imepungua hadi geji ya tairi ikichomekwa kwenye valvu yake isome sifuri, yaani imebaki hewa ya kawaida isiyobanwa. Ukijaza maji hadi 1 bar, hewa inabanwa hadi lita 4. Nusu ya tangi imekwisha kujaa maji kabla boila haijawaka. Lita 2 za upanuzi zikija, hewa inabaki lita 2 na geji inasoma 3. Hapo ndipo valvu ya usalama ya boila nyingi za nyumbani imepangwa kufunguka na kumwaga maji nje. Hewa ikiendelea kupotea hadi ibaki kiasi ambacho, kikiachwa huru, kingejaza lita 2 tu, basi hata ukianza na 1.5 bar tangi litapokea chini ya theluthi moja ya lita, na lita 1.7 zitamwagwa nje jioni hiyo hiyo. Usiku maji yanapopoa na kusinyaa, lita 2 zinatakiwa kurudi kutoka kwenye tangi lililopokea chini ya theluthi moja ya lita. Presha inaanguka hadi sifuri, na asubuhi boila, ambayo kwa kawaida hujizima presha ikiwa chini mno, haiwaki.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye boila alishike: anguko la asubuhi limezaliwa na mpando wa jioni. Tunaona upungufu wa maji kwa sababu geji inatuonyesha upungufu wa maji, tunaongeza maji, na geji inaturidhisha. Lakini kitu kilichopungua tangu mwanzo ni hewa, na kila tunapoongeza maji tunaipokonya hewa iliyobaki nafasi yake. Kuna wanaodhani kwamba wakijaza zaidi, tuseme hadi 2, watakuwa na akiba ya kuwafikisha kesho. Wanaharakisha mmwagiko. Hata tangi zima la mfano wetu, lenye hewa yake yote, likianzishwa kwenye 1.5 badala ya 1, geji itafika 2.9 maji yakiwa ya moto. Kujaza kupita kiasi kunaweza kuzaa dalili za ugonjwa katika mtambo ambao hauumwi.

Tabia ya kujaza kila siku ina gharama nyingine isiyoonekana. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya redieta yamekwisha kupoteza oksijeni yake, hivyo hayali chuma kwa kasi. Maji mapya ya bombani huja na oksijeni, na katika maeneo mengi ya kusini na mashariki mwa Uingereza huja pia na chokaa. Oksijeni inageuza chuma cha redieta kuwa tope jeusi, tope linaziba njia nyembamba za boila, na dawa ya kuzuia kutu ambayo fundi aliitia inazidi kuzimuliwa. Kasoro ambayo ingetengenezwa kwa pampu ya tairi na saa moja ya kazi huishia kuua pampu ya boila au kibadilisha joto chake, yaani sehemu ambamo joto la moto wa gesi huingia kwenye maji.

Kabla ya kulilaumu tangi, lazima tulitofautishe na washukiwa wengine, na hapa mwenye nyumba anaweza kufanya kazi kubwa bila kufungua kitu chochote. Andika kwenye karatasi namba ya geji asubuhi mtambo ukiwa baridi, kisha jioni ukiwa wa moto, kwa siku tatu. Ikiwa presha inapanda sana jioni na kuanguka asubuhi, tangi ndilo mshukiwa wa kwanza. Ikiwa inashuka polepole bila kupanda kupita kiasi maji yanapopata moto, tafuta uvujaji: kwenye koki za redieta, kwenye maungio, chini ya sakafu. Ikiwa inapanda hata boila ikiwa imezimwa, maji ya bombani yanaingia kwa siri, ama kupitia koki ya kujazia isiyofunga sawasawa, ama kupitia tundu dogo ndani ya kibadilisha joto kinachopasha maji ya kuogea. Hosi ya kujazia inatakiwa iondolewe kila baada ya kazi; ikiwa imebaki imeunganishwa, iondoe baada ya kufunga koki zake zote mbili, kisha uone kama mpando umekoma.

Halafu toka nje. Valvu ya usalama humwaga maji kupitia bomba jembamba la shaba linalotokeza kwenye ukuta wa nje na kupindwa kuelekea ukutani, ili maji ya moto yasimrukie mpita njia. Kama matofali yaliyo chini ya mdomo wake yana mchirizi mweupe wa chokaa au alama ya kutu, valvu hiyo imekuwa ikifunguka. Mafundi wana njia rahisi ya kuthibitisha: hufunga mfuko mdogo wa plastiki kwenye mdomo wa bomba kwa mpira wa kufungia, na kuuacha usiku kucha. Nami niliufunga, katika nyumba niliyokuwa nimepanga mjini Leicester, na asubuhi niliukuta umening'inia kama embe, umejaa maji ya rangi ya chai. Kwa wiki tano nilikuwa nikitafuta maji hayo chini ya zulia.

Kilichofuata katika nyumba hiyo kinaonyesha mtego mkubwa kuliko yote katika suala hili. Fundi wa kwanza alifungua kasha la boila, akachomeka geji ya tairi kwenye valvu ya tangi, ikasoma 1.2, akasema tangi ni zima na akapendekeza tubadilishe kibadilisha joto. Geji yake haikudanganya. Tatizo ni kwamba hakuwa ametoa maji. Kiwambo ni mpira laini; hakiwezi kushikilia presha mbili tofauti kwa wakati mmoja. Maji ya upande mmoja yakiwa na 1.2 bar, hewa ya upande wa pili, hata ikibaki kiasi cha kujaza kikombe, itabanwa hadi nayo isome 1.2. Fundi alikuwa akisoma presha ya maji kupitia mpira, na hakuwa na njia yoyote ya kujua kuna hewa kiasi gani. Fundi wa pili alifunga koki, akatoa maji hadi geji ya boila ikasimama kwenye sifuri, akaacha tundu la kutolea maji likiwa wazi, kisha akachomeka geji ileile ya tairi. Safari hii ilisoma sifuri.

Kutokana na hilo, utaratibu wa kurudisha hewa unaeleweka wenyewe, na kila hatua ina sababu yake. Boila inazimwa na umeme wake unakatwa, kisha inaachwa ipoe. Koki za chini ya boila za kwenda na kurudi kwenye redieta zinafungwa, ili isilazimu kutoa maji ya nyumba nzima. Maji yaliyo ndani ya boila yanatolewa kwenye ndoo hadi presha iwe sifuri, na tundu la kutolea linaachwa wazi muda wote wa kujaza hewa. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo la lazima, kwa kuwa hewa inapoingia inasukuma kiwambo, na maji yaliyokuwa yamekaa ndani ya tangi yanahitaji pa kutokea. Hewa inajazwa kwa pampu ya tairi ya mguu au ya mkono yenye geji. Mashine ya umeme ya kujazia hewa ina nguvu nyingi mno kwa kiwambo kilichochoka. Kila pigo la pampu huonekana ndooni, maji yakitoka kwa vipande, mengi mwanzoni, kisha machache, kisha hakuna. Yakishakoma na geji ikashikilia kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, pampu inaondolewa, na geji inachomekwa tena baada ya dakika kumi kuona kama hewa imekaa.

Kipimo chenyewe hakichaguliwi kwa kukisia. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa presha ya karibu 1 bar, hivyo katika nyumba ya ghorofa moja juu, ambamo boila iko jikoni na redieta ya juu kabisa iko mita 5 juu yake, uzito wa maji peke yake unasukuma kiwambo kwa 0.5 bar. Hewa ya tangi inapaswa kuuzidi uzito huo kidogo, na ndiyo sababu 0.75 hutosha nyumba nyingi. Baada ya hapo tundu linafungwa, koki zinafunguliwa, na mfumo unajazwa maji hadi juu kidogo ya kipimo cha hewa, kama 1 au 1.2 bar, ili tangi lianze na maji machache ya akiba. Redieta zinatolewa hewa, na kipimo cha maji kinarekebishwa tena.

Nimeeleza kazi hii ili msomaji aielewe na aweze kumsimamia anayeifanya. Kuifanya mwenyewe ni suala jingine. Nchini Uingereza yeyote anayefanya kazi kwenye sehemu za gesi za boila lazima awe amesajiliwa na Gas Safe Register, rejista rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009, na kila fundi hubeba kitambulisho ambacho una haki ya kukiomba na kukisoma pande zote mbili, kwa kuwa nyuma yake pameandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Katika boila nyingi kasha la mbele ni sehemu ya kizuizi kinachozuia moshi wa gesi usiingie ndani ya nyumba. Likifunguliwa na kurudishwa vibaya, hatari yake ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwenye nyumba asome geji, ajaze maji kwa kiasi, atoe hewa kwenye redieta, afunge mfuko kwenye bomba la nje. Kasha aliachie fundi. Naye mpangaji asikubali kuambiwa kwamba ni juu yake: kwa England, kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985 kinambebesha mwenye nyumba wajibu wa kutunza mitambo ya joto na maji ya moto katika upangaji wa kawaida wa muda mfupi. Andika barua, ukiambatisha zile namba za siku tatu na picha ya mfuko.

Si kila tangi hurudi kwa kujazwa hewa. Fundi akibonyeza sindano ya katikati ya valvu ya tairi na badala ya hewa yakatoka maji, kiwambo kimepasuka, na hakuna pampu itakayoliponya, tangi linabadilishwa. Ikitoka hewa, lakini wakati wa kujaza hakuna maji yanayotoka ndooni, huenda mrija unaounganisha tangi na boila umezibwa na tope jeusi, ambapo tangi ni zima ila limetengwa na maji linayopaswa kuyapokea. Kosa hili hupoteza fedha nyingi, kwa sababu dalili zake ni zilezile na watu hununua tangi jipya na kulifunga kwenye mrija uleule ulioziba.

Hata tangi lililopasuka halilazimishi kung'oa boila ukutani ili kufikia nyuma yake. Tangi jingine linaweza kufungwa nje, kwenye bomba linalorudisha maji kwenye boila, mradi kusiwe na koki katikati ambayo mtu anaweza kuifunga bila kujua. Njia hiyo ni nafuu, na inafaa hasa pale nyumba imeongezwa chumba na redieta mpya bila mtu kukumbuka kwamba maji yaliyoongezeka yana upanuzi wake: lita 120 za maji hutaka nafasi ya karibu lita 3.5, ambayo tangi la lita 8 haliwezi kuitoa bila geji kufika 3, hata likiwa jipya kabisa.

Kazi ikishakwisha bado kuna valvu ya usalama. Ikishafunguka mara nyingi, chembe za tope na chokaa hunasa kwenye kikalio chake na haifungi tena sawasawa, hivyo huendelea kudondosha maji hata presha ikiwa 1.2, na mtu hudhani kwamba tangi limeharibika upya. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi makini huibadilisha katika ziara hiyohiyo. Kule Leicester valvu haikubadilishwa. Tangi lilikuwa limepata hewa yake, jioni sindano ilisimama kwenye 1.8 bila kutikisika, na bado asubuhi mfuko wa nje ulikuwa na vijiko viwili vya maji. Fundi alirudi Jumatatu na valvu mpya. Jumanne asubuhi mfuko ulikuwa mkavu, na geji ilisoma 1.1, palepale alipoiacha.